Yakobo, Jacobus na James ni jina moja: Mfalme James hakujiandika katika Biblia

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Babu yangu mzaa baba alipofariki aliacha shamba, akaunti ndogo ya benki na majina matatu. Cheti chake cha ubatizo, kilichoandikwa na mapadri kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi ya Kanisa zamani hizo, kinasema Jacobus. Karatasi zake za kazi za enzi za Mwingereza zinasema James. Nyumbani, kanisani na kwa majirani hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lingine isipokuwa Yakobo, na ndivyo alivyoandikwa katika hati ya shamba. Tulipofungua mirathi, karani aliyepokea jalada letu alisema kwamba nyaraka zile ni za watu watatu, na kwamba hawezi kuzishughulikia kana kwamba ni za mtu mmoja.

Wakati huohuo nilikuwa nikiletewa mara kwa mara ujumbe unaozunguka katika makundi ya simu, ukidai kwamba jina James halikuwamo kabisa katika Biblia ya Kiingereza hadi mwaka 1611, ambapo Mfalme James aliamuru jina la mtume Yakobo lifutwe na la kwake liwekwe mahali pake. Nimewasikia hata watu ninaowaheshimu wakilirudia jambo hilo mbele ya waumini. Madai hayo si ya kweli, na kwa kuwa mambo haya mawili yalinikuta kwa pamoja, nililazimika kuifuata njia ya jina hili hatua kwa hatua. Naomba niiweke hapa.

Chimbuko ni Kiebrania, Yaakov, jina lenye ile sauti ya kooni ambayo Kiarabu huiandika kwa herufi ain. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, kinasimulia kwamba pacha wa pili wa Rebeka alitoka tumboni mkono wake ukiwa umeshika kisigino cha Esau, na kisigino kwa Kiebrania ni akev. Katika sura ya 27 Esau, akiwa na uchungu wa kupoteza baraka, analigeuza jina hilo kuwa shitaka, kwa sababu kitenzi cha mzizi huohuo hubeba pia maana ya kumjia mtu kwa nyuma na kumpokonya nafasi yake. Hizo ndizo maana zinazotolewa na masimulizi yenyewe. Wataalamu wa lugha za Kisemiti wanaongeza kwamba majina ya muundo huu yalikuwapo kwa Waamori, watu wa kale wa Mashariki ya Kati, tangu kale sana, mara nyingi yakimalizikia na jina la mungu, na wanayasoma kama dua: Mungu na alinde. Hata Misri imepatikana mihuri yenye umbo la mende iliyoandikwa jina la mtawala Yaqub-Har, wa zama ambazo watu wa asili ya Kanaani walitawala sehemu ya kaskazini ya nchi ile. Kwa maoni yangu maana hizi mbili hazigombani, kwa kuwa mzazi humpa mtoto jina akiomba jambo fulani, na baadaye watu wakalisikia jina lilelile wakakumbuka tukio.

Sasa tufike kwenye njia panda, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliliandika jina la mzee huyu Iakob, bila kiishio cha Kigiriki, kwa hiyo halikubadilika umbo kufuata sarufi. Lakini Wayahudi waliokuwa hai katika karne ya kwanza, waliochanganyika na wasemaji wa Kigiriki, walilitumia jina hilohilo likiwa limeongezewa kiishio: Iakobos. Agano Jipya linazingatia tofauti hiyo kwa makini. Katika Mathayo sura ya 1, mwana wa Isaka ni Iakob, na baba yake Yusufu mume wa Mariamu naye ni Iakob. Mwana wa Zebedayo, mwana wa Alfayo na ndugu yake Bwana wote ni Iakobos. Kilatini kikapokea majina hayo mawili kama yalivyo, Iacob kwa mzee wa kale na Iacobus kwa mitume, na lugha zilizozaliwa na Kilatini au zilizolelewa nacho zikaurithi mgawanyiko huo. Mwitaliano anamwita mzee Giacobbe na mtume Giacomo. Mfaransa ana Jacob na Jacques, Mreno ana Jacó na Tiago. Mwingereza ana Jacob na James. Kwa hiyo Kiingereza hakikufanya jambo la ajabu ambalo majirani zake hawakulifanya. Kiswahili ndicho kilichorudi nyuma ya njia panda na kuwaita wote Yakobo, kama Kiarabu kinavyowaita wote Yaqub.

Litabaki swali la jinsi b ilivyogeuka kuwa m, na mimi hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Katika Kilatini cha wasomi mkazo uliangukia katikati, Ia-CO-bus. Katika Kilatini cha watu wa kawaida, waliolisikia jina kwa matamshi ya Kigiriki, mkazo ulisogea mbele, IA-co-bus, na silabi ya katikati ikadhoofika. Sauti b na m zote hutamkwa kwa kufunga midomo, na kinachozitofautisha ni kwamba kwa m hewa hupitia puani. Silabi inapokuwa dhaifu, kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ni hatua fupi mno. Likatokea umbo Iacomus. Kutokana na hilo Waitaliano wakapata Giacomo, na watu wa Katalunya na kusini mwa Ufaransa wakapata Jacme. Mfalme wa Aragon aliyeiteka Mallorca mwaka 1229 na Valencia mwaka 1238 alijiita Jacme. Leo Wakatalani humwandika Jaume na Wahispania humwandika Jaime. Katika baadhi ya lahaja za Kifaransa cha kale silabi ya katikati ilimezwa kabisa, ikabaki James, na ile s ya mwisho si kitu kingine bali ni masalio ya kiishio cha Kilatini, -us. Wanormandi waliotawala Uingereza baada ya mwaka 1066 ndio waliolivusha kwenda kisiwani.

Ninyi mnaosema Kiswahili litamkeni jina letu kwa sauti: Ya-KO-bo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ileile iliyofia midomoni mwa Wafaransa ndiyo inayosimama imara midomoni mwetu. Nilipoligundua hilo nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Turudi kwa mfalme. Jina James lilikuwamo katika Biblia ya Kiingereza iliyotafsiriwa na wafuasi wa John Wycliffe katika miaka ya 1380, zaidi ya karne mbili kabla ya mwaka 1611. William Tyndale, aliyetafsiri moja kwa moja kutoka Kigiriki na kuchapisha Agano Jipya mwaka 1526, naye aliandika James. Biblia iliyochapishwa Geneva mwaka 1560 iliandika hivyohivyo, na mfalme tunayemzungumzia hakuzaliwa hadi mwaka 1566. Isitoshe, alikuwa James wa sita katika ufalme wa Scotland kabla ya kurithi kiti cha Uingereza mwaka 1603. Wa kwanza alianza kuhesabiwa mfalme mwaka 1406. Watafsiri wake walipewa kanuni za kazi, na mojawapo iliwaelekeza kuyaacha majina ya manabii na ya watu wengine wa Maandiko jinsi yalivyozoeleka kwa watu. Ndivyo walivyofanya. Lau mfalme angekuwa na tamaa ya kujiingiza katika Maandiko, nisingeona sababu ya kumwachia baba wa taifa la Israeli jina Jacob na kuridhika na mitume. Tena chapa ile ya mwaka 1611 haikuandika hata J, iliandika Iames, kwa sababu wachapaji wa wakati huo walikuwa bado hawajazitenga I na J kuwa herufi mbili.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa uzi uliofanyiwa kazi. Nina maswali mawili. Kwanza, kama jina la mfalme lilikuwa James, kwa nini wafuasi wa ukoo wake huitwa kwa neno linalofanana na Jacob? Pili, nimekuwa nikiamini kwamba Jack ni kifupi cha Jacques, na kwamba basi jeki ya gari inatokana na Yakobo. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Ndugu, swali la kwanza lina jibu ambalo lingetosha peke yake kuumaliza uzushi niliouanza nao. Lugha rasmi ya sarafu na ya hati za dola ilikuwa Kilatini, na kwa Kilatini mfalme huyo hakuwahi kuwa na jina lingine isipokuwa Jacobus. Sarafu zake zimeandikwa IACOBVS. Yeye na watu wake walifahamu vema kwamba James ni Yakobo. Mjukuu wake James wa Pili alipoondolewa madarakani mwaka 1688, waliotaka yeye na kizazi chake warudishwe waliitwa Jacobites kwa sababu hiyo, hadi walipovunjwa nguvu katika vita vya Culloden mwaka 1746.

Ufaransa wapo Jacobins, na watu wengi huwachanganya na hao wa kwanza. Watawa wa Kidominiko wa Paris walikuwa na nyumba yao katika mtaa wa Mtakatifu Yakobo, rue Saint-Jacques, wakaitwa Jacobins kutokana na mtaa. Mwaka 1789 chama cha wanamapinduzi kilianza kukutania katika jengo la watawa hao, safari hii lililokuwa katika mtaa wa Saint-Honoré, na jina likahama kutoka kwa watawa likawaganda wanasiasa. Basi jina moja la mtume likawabeba watu wa Uingereza waliotaka kumrejesha mfalme, na pia watu wa Ufaransa waliomkata mfalme wao kichwa mwaka 1793.

Kuhusu Jack, kufanana na Jacques kumewadanganya wengi, lakini njia yake ni nyingine. John lilipata umbo la kudekeza, Jankin, likawa Jackin, likafupishwa kuwa Jack. Jack lilipozoeleka kama jina la mtu yeyote wa kawaida, Waingereza wakaanza kuviita hivyo vifaa vinavyofanya kazi ya kijana wa mkono, na jeki ya kuinulia gari ni mojawapo. Kwa hiyo jeki ni ya Yohana. Jaketi ndilo lenye dai la kuwa la Yakobo: Wafaransa walimwita mkulima wa kawaida Jacques, kiasi kwamba uasi wao wa mwaka 1358 unaitwa Jacquerie, na wapo wataalamu wanaosema vazi fupi la wakulima hao, jaque na jaquette, lilipewa jina lao. Wengine hulitafutia asili katika Kiarabu kupitia Hispania, na mabishano hayo hayajaisha.

Mchangiaji wa pili

Salaam. Mimi ni mwenyeji wa Kilwa Masoko. Tulipokuwa shuleni tulivushwa kwenda Kilwa Kisiwani kuiona Gereza, tukaelezwa kwamba ngome ya kwanza ya Wareno mahali pale iliitwa Santiago. Umetaja kwamba kwa Kireno mtume Yakobo ni Tiago. Je, ni jina hilohilo?

Mleta uzi

Ni hilohilo, na nakushukuru sana kwa kulileta, maana nilikuwa nahofia uzi huu ungebaki Ulaya peke yake.

Kwa Kilatini Mtakatifu Yakobo ni Sanctus Iacobus. Katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, Iacobus lilipungua hadi Iago, na watu walipokuwa wakisema Sant Iago kwa haraka, maneno mawili yakaungana kuwa Santiago. Likaja kosa zuri la masikio. Wareno walipolitenganisha tena walilikata mahali pasipo pake, ile t ya Sant ikabaki upande wa jina, wakapata São Tiago. Hivyo kila Tiago wa leo anabeba kipande cha neno mtakatifu bila kujua. Diego nalo hudhaniwa na wengi kuwa limezaliwa kwa kukatwa hivyohivyo, San Diego. Wapinzani wa maelezo hayo husema kwamba hati za Kilatini za zama za kati huliandika Didacus na kwamba ni jina la pekee. Mimi nawaelekea zaidi hao wa pili, kwa kuwa mtakatifu ambaye mji wa San Diego wa California ulipewa jina lake, Diego wa Alcalá, huandikwa Didacus kwa Kilatini, na si Iacobus.

Waamini wa Hispania walishika kwamba mwili wa mwana wa Zebedayo umezikwa Compostela, na tangu karne ya 9 mahujaji walianza kumiminika huko. Hija hiyo ndiyo iliyolisambaza jina Ulaya nzima kwa nguvu kubwa kuliko mahubiri yoyote. Lakini Santiago lilikuwa pia ukelele wa vita wa wapiganaji wa Kikristo dhidi ya Waislamu wa rasi ile. Msafara wa Mreno Francisco de Almeida ulipoiteka Kilwa mwezi Julai 1505, ilikuwa imewadia sikukuu ya mtakatifu huyo, ambayo ni tarehe 25 Julai, na ngome waliyoianza ikapewa jina lake. Walikaa hadi mwaka 1512 wakaondoka. Jengo mnaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani wa baadaye, na neno gereza lenyewe limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Linanigusa moyo kwamba jina la Kisemiti, ambalo watu wa Kilwa walilijua tangu zamani kama la nabii Yaakub, liliwarudia kutoka magharibi likiwa limebadilika sura kiasi kwamba hawakuwa na namna ya kulitambua.

Mchangiaji wa tatu

Kwa kuwa umemtaja Nabii Yaakub, alayhi salaam, naomba kuongeza. Katika Sura Hud, aya ya 71, mkewe Ibrahim anabashiriwa Is-haka, na baada ya Is-haka, Yaakub. Neno lililotumika hapo kwa maana ya baada ni waraa, nyuma. Katika Kiarabu nako aqib ni kisigino, na kitenzi cha mzizi huo ni kufuata nyuma. Sisemi kwamba aya inatoa maana ya jina, lakini msikilizaji anayeijua lugha hawezi kukosa kuusikia ujirani wa maneno hayo.

Mleta uzi

Shukrani sana, Ustadhi. Sikuwa nimeliona hilo, na linaonyesha kwamba wasemaji wa lugha mbili ndugu waliusikia mzizi mmoja kwa masikio yanayokaribiana.

Nimeulizwa pia faraghani kuhusu nchi nyingine, nami nitagusa chache. Wajerumani, Waskandinavia na Wapoland hawakuiacha Y ya mwanzo. Wanaandika Jakob au Jakub lakini herufi hiyo ya kwanza huitamka kama y yetu. Warusi ni Yakov, Wahungari Jakab, Walatvia Jēkabs, Wafini Jaakko. Waholanzi wamelipasua: kutoka mwanzo wa jina wamepata Jaap, na kutoka mwisho wa Jacobus wamepata Koos, jina la kawaida sana hata kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Watu wa Wales walilipokea kutoka Kilatini, wana Iago.

Linalonishangaza kuliko yote ni la Scotland. Kwa Kigaeli James ni Seumas. Lakini lugha ile humbadilishia mtu mwanzo wa jina anapoitwa, kwa hiyo mama akimwita mwanawe hasemi Seumas, husema a Sheumais, na herufi sh hapo husomeka kama h. Wasiojua Kigaeli waliusikia wito huo, wakadhani ndilo jina, wakaandika Hamish. Kwa maneno mengine, Hamish ni Yakobo aliyeandikwa jinsi alivyokuwa akiitwa kutoka mlangoni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hujatuambia mirathi ya babu iliishaje.

Mleta uzi

Ilichukua miezi minane. Paroko alituandikia barua akieleza kwamba katika rejesta za parokia Jacobus ndiyo namna ya Kilatini ya kumwandika Yakobo. Wazee wawili waliofanya kazi na babu waliapa kwamba James wa kazini na Yakobo wa kijijini walimjua kama mtu mmoja. Wakili akatutengenezea hati ya kiapo yenye majina yote matatu mfululizo, na karani yuleyule akaipokea. Kabla ya kugonga muhuri aliniuliza kama ni kweli kwamba James ni Yakobo, maana mwanawe mwenyewe anaitwa James. Nilimweleza haya niliyowaeleza ninyi, kwa ufupi, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Kaburini tumeandika Yakobo.